Bakuli Katika Ukurasa wa Mwisho

Vijana wanaotaka kuandika vitabu vya watoto hunijia wakiwa na kalamu mpya na swali la zamani. "Mama, mtu anaanzia wapi?" Nami huwajibu: anzia benchi ya mbele. Hucheka, wakadhani ni uzee unaosema. Basi nimeamua kuliandika jibu lote, ili anayecheka acheke mpaka mwisho, halafu tuone kama meno yatakuwa bado nje.

Sikusomea kazi hii. Niliingia kwa mlango wa sokoni. Uhuru ulikuwa bado mbichi nilipotandika gunia pale Keroka, kando ya barabara ya kwenda Kericho, mahali ambapo malori husimama kupoza injini na madereva hununua ndizi. Niliuza daftari, kalamu na vitabu vya hadithi. Watu wakaniita Mama Vitabu kabla sijapata hata mtoto mmoja. Sokoni nilijifunza kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu siwaamini watu, mara ya pili kwa sababu sijiamini mimi. Tabia hiyo imenilisha maisha yangu yote. Pia nusura imnyime chakula mtoto mmoja mchanga kule Gesima, na hapo ndipo nitakapofika, mkiwa na subira.

Kwanza sikilizeni habari ya mikono. Mtoto hachagui kitabu kama mnavyodhani. Hasomi jina lake. Hukifungua katikati, hukinusa, hutafuta picha ya mnyama au ya chakula, kisha humtazama mama yake. Mama naye hasomi. Hukipima mkononi kama anavyopima samaki mkavu, na kikiwa chepesi hukirudisha. Nilikaa nyuma ya gunia lile nikitazama mikono mpaka nikajua uzito wa kila kitu bila mizani. Kwa hiyo, andikeni maneno machache na mwombe karatasi nzito.

Aliyenifundisha mengine ni Mzee Salim, mchapaji wa mjini Kisii. Baba yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa nguo, mama yake alikuwa Mgusii wa papa hapa, kwa hiyo aliweza kubishana kwa lugha mbili na kukataa kusikia kwa zote. Nilipompelekea hadithi yangu ya kwanza alilamba kidole, akageuza karatasi moja moja, akanirudishia.

"Mama Vitabu, karatasi yangu nikiikunja mara tatu ni kurasa kumi na sita. Hadithi yako ni kurasa kumi na saba."

"Basi ongeza moja."

"Siongezi moja. Naongeza kumi na sita. Utaweka nini humo?"

"Punguza bei, nitapata cha kuweka."

"Punguza maneno, utapata bei."

Nikapunguza maneno. Hadithi ikawa nzuri zaidi, jambo ambalo sikumwambia mpaka alipokufa, na hata hapo nilinong'ona. Hadithi ya mtoto hukatwa kama gauni: unapima kitambaa kwanza. Kunja karatasi, hesabu kurasa, hesabu tena, ndipo ushike kalamu. Na kama kuna jambo la kutisha, liweke nyuma ya ukurasa wa kulia, ili mtoto mwenyewe ndiye afunue kwa mkono wake, asiwe na mtu wa kulaumu.

Majina nayo yana mitego. Katika kitabu hicho cha kwanza nilikuwa na fisi, nikampa jina la mtu, jina zuri la Kigusii, kwa sababu fisi asiye na jina hachekeshi. Nikampelekea Mwalimu Moraa. Huyu alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya Gesima, juu huko kwenye majani chai, na alikuwa akiniruhusu nijaribu hadithi zangu kwa watoto wake kabla hazijachapwa. Akaanza kusoma vizuri, sauti imenyooka. Alipofika kwa fisi akakohoa.

"Na huyo... yule bwana... akasema, leo nitakula."

"Mwalimu, bwana gani?" watoto wakauliza.

"Bwana huyo."

"Anaitwa nani?"

"Anaitwa fisi! Tulieni!"

Baada ya kipindi akanivuta kando. "Dada, umempa fisi jina la baba mkwe wangu." Kwetu mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mume wake, hata likiwa limevaliwa na mnyama. Ni haya ya heshima, nasi huiita chinsoni. Nilimwuliza kama mzee na fisi wanafanana. "Usiniulize," akasema, amefunika mdomo kwa leso. "Nikicheka nimekwisha." Tangu siku hiyo fisi wangu wote huitwa Fisi.

Nawaambieni hivi ili mjue kwamba Moraa alikuwa mtu wa kucheka. Maana mara nyingine nitakayowasimulia hakucheka.

Shule zilikuwa zinataka vitabu vya kuhesabu, nami nikasikia harufu ya soko. Nikatunga hadithi ya mama mmoja wa vilimani mwenye watoto saba. Wanaenda kuchuma uyoga, ukungu unashuka, mama anasimama kwenye ua na kuwaita. Kila ukurasa mtoto mmoja anatoka ukunguni, na wasomaji wanapiga kelele: moja! mbili! Ni hadithi inayojiuza yenyewe. Nilimweleza Moraa tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya darasa. Alikuwa mjamzito, mimba imekwisha kuwa kubwa, na mkono wake ulikuwa juu ya tumbo. Mkono ukasimama.

"Dada, kwetu watoto hawahesabiwi."

"Hata bibi yangu alikuwa akisema hivyo. Lakini nyinyi walimu mnahesabu kila asubuhi."

"Sisi tunaita majina. Ukiita jina, anayejibu ni mwenye jina. Ukihesabu tu, utajuaje ni nani amejibu?"

Nikamwona ana mambo ya kizamani, mwalimu mzima na cheti chake ukutani. Nikamwambia vitabu vya Nairobi vyote vinahesabu. "Nairobi hakuna ukungu," akasema, akainuka kwa shida, akaenda kugonga kengele.

Siku ya kuijaribu nilipanda Gesima pamoja na Ombati, kijana wa Kiogoro aliyekuwa akichora mabango ya vinyozi na maduka. Picha zangu alizichonga kwenye vipande vya lino, yale mazulia magumu ya sakafuni, kisha Mzee Salim anapaka wino na kuchapa. Ombati alikuwa na mkono wa ajabu na kichwa kisichojali tarakimu. Alichora alichokiona. Ukimwonyesha mbuzi wa miguu mitatu atakuchorea miguu mitatu, na bei haishuki.

Ilikuwa mchana, lakini Gesima ina mchana wake. Ukungu ulikuwa umelalia majani chai tangu asubuhi, na sasa ulianza kuingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba. Nikachagua watoto saba, nikawaambia wasimame nje, na kila nitakaposoma "akatoka ukunguni" mmoja aingie. Ombati akakaa pembeni na kalamu yake ya mkaa. Moraa akasimama nyuma.

Ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mtoto anaingia, nywele zimelowa umande, darasa linapasuka: moja! Anaingia mwingine: mbili! Wakaingia wakakaa sakafuni mbele ya benchi, wengine wakasimama, Ombati anachora. Wa saba alipoingia darasa likapiga kelele mpaka vumbi likadondoka kwenye mabati. Nikafunga mdomo, nikashusha karatasi.

"Nane," sauti ikasema.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtoto anayefurahi kwamba zamu yake imefika.

"Nani amesema nane?" nikauliza, nikitabasamu, kwa sababu kila darasa lina mjanja mmoja.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi. Watoto wa darasa la tatu hucheka mtu akipiga chafya. Msichana aliyekaa karibu na goti langu akasema, "Mwalimu, sisi hatujasema." Hakusema hakuna aliyesema. Alisema sisi hatujasema.

Kisha wakasogea. Nataka mshike jambo hili, kwa sababu ndilo somo kubwa nililo nalo. Benchi ya shule zile ilitengenezwa kwa watoto wanne na ikakaliwa na sita. Kusogea ni kazi. Lazima wa mwisho akubali kuning'inia. Lakini watoto wa benchi ya mbele walisogea wote, bila kuambiwa, bila kusukumana, wakaacha nafasi katikati. Nafasi ndogo. Na hawakuitazama, kama vile mtu asivyomtazama jirani aliyeketi.

Mtakaposoma hadithi zenu mbele ya watoto mtakutana na kimya cha aina mbili. Kimoja ni cha kusikiliza. Hicho miguu huacha kuning'inia na midomo hubaki wazi. Kingine ni cha kumpisha mtu. Cha kwanza kifurahieni. Cha pili, shusheni karatasi.

Moraa alikwenda akaufunga mlango. Akasimama ameushika, anautazama. Kisha akaufungua tena, wazi kabisa, akasema watoto waimbe.

Majuma yakapita. Mzee Salim akanitumia salamu kwa utingo wa lori kwamba nifike haraka. Nilimkuta amesimama kando ya mashine, karatasi ya majaribio mkononi bado inanuka wino. Ilikuwa picha ya mwisho, watoto wote wamekaa mbele ya nyumba ya mama yao.

"Mama Vitabu, hadithi inasema watoto saba."

"Ndiyo."

"Hesabu picha."

Nikahesabu. Saba. Nikahesabu tena, kama kawaida yangu. Nane. Mzee Salim akahesabu: nane. Bwana mmoja aliyekuja kuchapisha kadi za harusi akaombwa ahesabu: nane, na akauliza kama bei ya kadi inashuka kwa kazi hiyo. Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa watu wa Keroka. Saba. Kidole changu kilikuwa kinaruka mahali, na sikuweza kupaona.

Ombati akaitwa.

"Nilichora waliokuwepo," akasema.

"Walikuwa saba, ndugu yangu."

"Mimi ni mchoraji, mama, si karani. Wote walikuwa wakitingishika, wakijikuna. Isipokuwa mmoja. Huyo hakupepesa hata jicho. Ndiye aliyenirahisishia kazi."

"Yupi?"

Akaisogeza picha machoni. Akaitazama muda mrefu, yeye aliyeichonga kwa mkono wake.

"Sasa wote wametulia," akasema.

Mzee Salim hakupenda mazungumzo hayo. "Mkwangue mmoja tuendelee. Lino haina damu."

Ombati akachukua patasi yake ndogo, akaiweka juu ya kile kipande, akasubiri. "Nimkwangue yupi?"

Mzee Salim akasema basi nibadilishe maneno, niseme nane, atapanga herufi upya kwa bei ya udugu. Siku nyingine ningemshusha bei hiyo mpaka alie. Siku hiyo sikutaja bei. Nilijiona kama ninayeuza kitu cha mtu mwingine. Nikasema nitampelekea Mwalimu Moraa ile karatasi. Yeye anawajua watoto wake kwa sura; ataweka kidole juu ya asiye wake, na huyo tutamkwangua.

Shuleni sikumkuta. Alikuwa amejifungua, wakanielekeza nyumbani kwake, chini ya kilima, kupita migomba. Nilipobisha hodi nilijibiwa na kimya, na nyumba yenye mtoto wa majuma mawili haipaswi kuwa kimya.

Moraa alikuwa ameketi kitandani na binti yake mapajani. Mume wake alikuwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Pembeni mwa moto alikaa mama mkwe wake, Bibi Nyaboke, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, akikoroga uji wa wimbi.

"Hanyonyi," Moraa akaniambia, bila salamu. "Nampa ziwa, anafungua mdomo, halafu anageuza uso. Hospitali ya misheni wamempima mara mbili. Wanasema ni mzima."

"Halii?"

"Alilia. Sauti imekwisha."

Walikuwa wamejaribu na majina. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, na akilia bila sababu au akikataa ziwa, husemwa kwamba jina si lenyewe. Hujaribiwa jingine mpaka atulie. Walikuwa wamempa jina la shangazi, wamempa la nyanya mzaa babu, wamewamaliza marehemu wa pande zote mbili. Kila jina mtoto alisikiliza, kisha akageuza uso.

Nikaomba nimpakate. Mikono yangu ilikuwa imepima vitu miaka mingi. Nilipompokea nilijua, na nikajua kwamba Moraa ananitazama anione nikijua. Huyo mtoto hakuwa amebakiwa na siku nyingi. Hakuwa mzito kuliko kitabu changu chembamba. Na kilichonitisha zaidi ni macho yake: hayakuwa macho ya mgonjwa. Yalikuwa yakitazama mahali pamoja, karibu na mlango, kwa utulivu wa mtu anayemngojea mwenzake aanze.

Nilitaka kuondoka na karatasi yangu ndani ya kikapu. Lakini Moraa alikuwa mwalimu, naye aliona pembe ya karatasi. "Umeleta nini?"

"Picha tu, Mwalimu. Itangoja."

"Nionyeshe. Nimechoka kutazama ukuta."

Akaiweka juu ya magoti. Akaweka kidole juu ya wa kwanza akataja jina lake. Akaweka juu ya wa pili akamtaja. Hakuhesabu, aliita, kama anavyoita asubuhi shuleni, na kidole kikaenda bila kuruka. Kikafika kwa mtoto mdogo wa kike aliyekaa pembeni kabisa, magoti pamoja. Mahali pale ndipo kidole changu kilipokuwa kikiruka.

"Hili gauni nililishona mimi," akasema.

Nikainama. Lilikuwa gauni la kawaida.

"Kifungo cha juu. Kikubwa kuliko vingine. Nilikitoa kwenye koti la baba yake." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Huyu ni Kerubo wangu. Alikufa kwa surua kabla ya kuanza shule. Mwaka huu angekuwa darasa la tatu. Angekuwa wangu."

Sikujua. Nilikuwa nikienda shule ile muda wote huo, na kila aliyemwuliza kuhusu mimba ile alimjibu kwamba ni mtoto wake wa kwanza.

Bibi Nyaboke alikuwa ameacha kukoroga. "Nani aliwahesabu?" akauliza.

"Mimi, magokoro," nikasema. Ndivyo tunavyomwita bibi.

"Mbele ya mlango ulio wazi?"

"Ndiyo."

"Mmoja, wawili, watatu, kama mahindi?"

"Ndiyo."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula hati ya shamba. "Mimi ni Msabato," akasema. "Mambo haya siyaamini. Lakini nitakwambia unachokijua hata wewe. Mtoto akihesabiwa bila jina, asiyeitwa tena jina lake naye huja, maana na yeye anataka kuwa ndani. Umemwingiza. Sasa yupo. Na hapa hana bakuli." Akaelekeza mwiko kwa yule mchanga. "Na huyu ana adabu. Atakulaje, na dada yake ameketi mlangoni bila chakula?"

Moto ulilia ndani ya kuni. Nje ukungu ulikuwa umefika kizingitini, ukasimama hapo.

Bibi Nyaboke akainuka, akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono darini, nyuma ya magunia ya wimbi. Akatoa bakuli dogo la bati, la bluu, lililomenyeka ukingoni. Moraa akatoa sauti ambayo sijaisikia tena.

"Ulisema umelitupa."

"Nilisema nimeliondoa. Niliondoa machoni pako." Akalipangusa kwa kitambaa chake cha kanisani. Akamimina uji, ukafuka moshi, akaenda akaliweka chini karibu na mlango, mahali pale ambapo yule mtoto alikuwa akitazama. Kisha akasema, si kwa sauti ya sala wala ya kutisha, ila kama bibi yeyote anayewaita wajukuu jioni: "Kerubo. Kula, mama. Mdogo wako anakungoja."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Nilisema jina la mtoto aliyekufa mdogo lisirudiwe. Nilikosea. Jina lilikuwa humu ndani siku zote, nasi tunalikanyaga. Mwite."

Moraa akashindwa mara moja. Mara ya pili akaweza. "Kerubo," akamwambia binti mchanga. "Kerubo mdogo."

Mtoto hakugeuza uso. Alingoja kidogo, macho kule mlangoni, kama mtu anayehakikisha. Kisha akafungua mdomo, akanyonya, na sauti ya kumeza kwake ikajaza nyumba nzima.

Mnataka kuniuliza bakuli lilikuwaje. Kila mtu huniuliza. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, nililitazama mara moja tu, likiwa limejaa. Nilipotoka nilipita kando yake na macho yangu yako juu, kwenye migomba. Nyuma yangu nilimsikia Bibi Nyaboke akilichukua na kuanza kuliosha, na hakumwaga kitu nje kwanza.

Aliponisindikiza mpaka njiani nilimwuliza, sasa mama atajuaje kama watoto wote wamerudi, ikiwa hawahesabiwi? Akanionea huruma. "Jioni naosha vibakuli," akasema. "Vikiwa vichafu vyote, wamekuja wote."

Vijana, hapo ndipo nilipojifunza kuandika, nikiwa nimekwisha kuuza vitabu vyangu mwenyewe miaka kadhaa. Msiwaambie watoto idadi ya huzuni wala ya furaha. Wapeni kibakuli wakione.

Nikarudi mjini. Mzee Salim alikuwa ananingoja na patasi.

"Haya. Saba au nane?"

"Toa tarakimu zote."

"Zote? Kitabu cha kuhesabu kisicho na hesabu? Nani atanunua?"

"Picha ibaki kama ilivyo, asikwanguliwe mtu. Mama asihesabu, aite majina. Na ukurasa wa mwisho Ombati achonge vibakuli vya uji, kila mtoto na chake. Maneno yawe: uji ukawatosha."

Akafungua mdomo kutaja bei. Akanitazama, akaufunga. Ni mara pekee nilipopata kitu kwa Mzee Salim bila kubishana, na nakiri kwamba jambo hilo nalo lilinitisha.

Kitabu kiliuzika. Si sana, lakini kiliuzika, na wamama wa vilimani walikinunua bila kukipima mkononi. Kuna watoto walionijia pale guniani wakiweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho: "Mama, hili bakuli la pembeni ni la nani? Mbona halina mtu?" Na wengine, kwa nakala ileile, wakawasukuma: "Wewe huoni? Si huyu hapa amelishika?" Sikuwahi kuwaamua. Nanyi msiamue. Mwandishi anayejibu swali la ukurasa wa mwisho amemfukuza msomaji kutoka nyumba aliyomkaribisha.

Niliwaambia muanzie benchi ya mbele. Sababu ni hii. Miaka ya sabini ilikuwa imesogea niliporudi katika darasa lile la Gesima kusoma kitabu kile kilichochakaa. Mwalimu Moraa alikuwa ubaoni akiandika tarehe, kitambi kidogo kimemjia, miwani puani. Kwenye benchi ya mbele alikaa binti yake, Kerubo, mashavu kama maandazi, sasa yuko darasa la tatu. Nje kulikuwa na ukungu, kama kawaida ya pale. Nikasoma. Mama akasimama uani, akaita majina, wakatoka ukunguni mmoja mmoja. Nikafika ukurasa wa mwisho, nikakigeuza kitabu wakaona vibakuli, na kama siku zote wakaanza kupiga kelele: la nani, mwalimu, lile la nani?

Kerubo hakuuliza. Alimsukuma mwenzake kidogo kwa kiuno, akasogea, akaacha nafasi.

Chaki ikanyamaza ubaoni. Moraa hakugeuka. Nikakishika kitabu wazi pale pale, juu kidogo, ili kila aliyeketi aweze kuona, na kidole changu, ambacho kilikuwa kimekwisha kuinuka kuhesabu, nikakirudisha nyuma ya jalada.